Data ninayo, utabiri napatia, mbona salio linapungua?

*"Ndugu mtaalamu, nimecheza Counter-Strike, gemu ya kompyuta ya timu mbili za watu watano zinazopigana kwa bunduki, kwa miaka saba na mechi kubwa sizikosi. Mwaka huu nimejiunga na huduma ya kulipia inayonionyesha mechi kwa namba wakati inaendelea: fedha za kila timu, silaha, afya ya kila mchezaji, hata asilimia ya kushinda. Natumia namba hizo kubeti laivu. Kati ya mara kumi napatia mara nane, lakini salio linapungua. Tena kila ninapoona nafasi nzuri kabisa, dau langu linakataliwa au odi inabadilika. Je, wananitazama? Au nahitaji data ya kasi zaidi? Ipo huduma ya bei ya juu kuliko hii. Pia nina kundi la mashabiki kama mia sita wanaoniomba utabiri, na kampuni moja imeniahidi kamisheni nikiwapeleka kwao. Nimekopa mara mbili kuziba pengo, si kiasi kikubwa, nyumbani hawajui. Naomba ushauri."*

Ndugu yangu, nianze na lile lenye haraka: huduma hiyo ya bei ya juu usiinunue. Haitatibu kinachokusumbua. Ujuzi wako wa mchezo ni wa kweli, na sitaki uondoke hapa ukidhani nimekwambia hujui kitu. Ila umechanganya mambo ambayo kwenye simu yanaonekana kama jambo moja: kujua nani atashinda, kujua kabla ya wengine, na kulipwa bei inayostahili kwa kujua huko. La kwanza unalo. Mengine mawili huna, na hayo ndiyo yanayokula salio lako.

Tuanze na dau linalokataliwa, maana hapo ndipo ulipoanza kuhisi kuna mtu anakutazama.

Chukua tukio unalolijua vizuri. Mshambuliaji anatega bomu. Kuanzia hapo zimebaki sekunde 40 kabla halijalipuka. Upande wa ulinzi amebaki mmoja. Kulitegua kutamchukua sekunde 10, au 5 kama alinunua kifaa cha kutegulia. Seva ya mchezo inajua yote papo hapo: kifaa anacho au hana, afya yake imebaki ngapi, amesimama wapi kwenye ramani, nani anamvizia kwenye kona. Taarifa hiyo hutoka kwenye seva ikaenda kwa msambazaji wa data mwenye mkataba na waandaaji wa mashindano, GRID akiwa mmoja wa wanaojulikana, na kutoka kwake ikaingia kwenye mitambo ya kampuni ya kubashiri. Huko programu hupiga hesabu upya na kubadilisha odi bila mkono wa mtu kugusa chochote.

Picha unayoitazama wewe hupita njia nyingine kabisa. Waandaaji huichelewesha kwa makusudi, ili timu isije ikachungulia matangazo na kujua wapinzani wamejificha wapi. Juu ya hapo kuna ucheleweshaji wa kawaida wa kusafirisha video. Ukijumlisha, inaweza kuwa sekunde kadhaa, inaweza kuwa dakika nzima na zaidi. Unapoona bomu linategwa kwenye skrini yako, huenda ukumbini watu wameshashangilia na raundi imekwisha.

Utaniambia namba zako hutangulia video. Naamini, na ndiyo maana unahisi umewahi. Lakini uliyemuwahi ni mtazamaji mwenzako, si mwenye odi. Mwaka 2014, kwenye mashindano ya tenisi ya Australian Open mjini Melbourne, polisi walimkamata mtu aliyekuwa ameketi jukwaani na kifaa alichokificha kwenye nguo, akituma matokeo ya kila pointi ili yatumike kubeti kabla odi hazijageuka. Shtaka lilifutwa baadaye, lakini tukio lile linaonyesha sekunde chache zina thamani gani: mtu alikubali kwenda kukaa uwanjani kwa ajili yake. Kitu cha thamani hiyo hakiuzwi kwa ada ya mwezi kwa kila anayejisajili. Wenye haki za data wanajua kwamba wanachouza ni kasi, na kasi hiyo ina wanunuzi wake.

Na hata ungeipata, kuna mlango wa pili. Ukibonyeza kuweka dau la laivu, haliingii hapo hapo. Linashikiliwa kwa sekunde kadhaa. Ndicho kile kiduara unachokiona kikizunguka. Katika sekunde hizo kampuni inaendelea kupokea data. Likitokea jambo linalolifanya dau lako kuwa bora kuliko bei uliyoikuta, linakataliwa au unaletewa odi mpya iliyoshuka. Lisipotokea lolote, linapita. Likitokea baya kwa timu uliyoichagua, mara nyingi linapita pia. Sasa fikiria orodha ya madau yako yaliyokubaliwa baada ya miezi mitatu ya mchujo huo. Mazuri yametolewa, yamebaki ya kawaida na mabaya. Mtu mwenye jicho kali kuliko lako na langu, akichujiwa hivyo, orodha yake itakuwa dhaifu kuliko ujuzi wake.

Nilikaa miaka kadhaa upande wa kupanga odi za gemu za mashindano. Hakuna aliyekuwa ameketi akimtazama mtu mmoja asubuhi hadi jioni ili amkatalie. Kusimamisha soko, yaani kufunga madau kwa muda, bomu linapotegwa ni kazi ya programu, na inawasimamisha wote. Kutazamwa kupo, lakini kwa namna nyingine: akaunti inayoshinda kwa muda mrefu, au inayobeti kila mara sekunde chache kabla odi hazijashuka, hupunguziwa kiwango cha dau hadi isiwe na maana tena. Wewe unapoteza, kwa hiyo hilo bado halijakufika.

Ukitaka kuyahakikisha haya mwenyewe, yapime bila fedha. Katika mechi mbili zijazo shika daftari. Kila unapoona nafasi, andika odi iliyoko, hesabu hadi kumi, kisha andika odi iliyopo au kwamba soko limefungwa. Usiweke dau hata moja. Kurasa mbili za daftari hilo zitakueleza mengi kuliko barua yangu.

Sasa hizo mara nane kwa kumi. Hukuniandikia odi zako, lakini mtu anayebeti laivu timu iliyoko mbele mara nyingi hukutana na bei kama 1.18. Tuseme kila dau ni 100. Ulizopatia nane zimekuletea 18 kila moja, jumla 144. Ulizokosa mbili zimekuondolea 200. Umepatia mara nane katika kumi, na umepoteza 56. Kwa odi hiyo ungehitaji kupatia karibu mara 85 katika 100 ili tu usipoteze kitu. Ndiyo maana nasema kupatia ni jambo moja na bei ni jambo jingine. Mtabiri wa mvua akisema mvua itanyesha na ikanyesha, tunampongeza. Anayeuza mwavuli ameshapandisha bei.

Na bei hiyo ina ada ndani yake. Fikiria raundi ambayo timu mbili zina nafasi sawa kabisa. Odi ya haki ingekuwa 2.00 kila upande. Kwenye skrini utakuta, kwa mfano, 1.85 na 1.85. Gawanya 1 kwa 1.85, unapata asilimia 54. Jumlisha pande mbili, unapata 108. Hizo nane za ziada si nafasi ya timu yoyote, ni mapato ya mwenye soko. Kwa kila 100 unazoweka hapo, kwa wastani 7 na nusu hazirudi, hata uwe mjuzi wa namna gani, mpaka ujuzi wako uzidi wa soko kwa kiasi kinachoifidia ada hiyo.

Hapo sasa ndipo ile asilimia ya kushinda inayoonyeshwa na huduma yako inapopoteza makali. Imepikwa kwa data ile ile iliyopika odi: fedha, silaha, idadi ya walio hai, upande wa ramani. Programu yako ikisema 80 na odi ikisema 80, hujagundua kitu. Umesoma gazeti moja mara mbili. Zikitofautiana sana, jiulize kwanza nani kati yao amechelewa, na kwa niliyoyaeleza hapo juu jibu mara nyingi si zuri kwako.

Namba yenyewe pia huwa inasomwa vibaya, na mashabiki wako nao wataisoma hivyo hivyo. Januari 2018, fainali ya ELEAGUE Major mjini Boston, timu za FaZe na Cloud9 zikiwa kwenye ramani ya tatu, yaani uwanja wa tatu wa mechi hiyo, Inferno: FaZe walikuwa na raundi 15, Cloud9 walikuwa na 11. Enzi hizo aliyefika raundi 16 ndiye aliyeshinda ramani, kwa hiyo FaZe walihitaji raundi moja tu katika nne zilizobaki. Ukichukulia kila raundi ni nusu kwa nusu, Cloud9 kuzizoa zote nne ni nafasi 1 kati ya 16, na baada ya hapo bado wanapaswa kushinda muda wa nyongeza. Hesabu hiyo ya kipofu inawapa FaZe karibu asilimia 97. Cloud9 walizizoa nne, wakapita muda wa nyongeza wa kwanza na wa pili, na wakashinda 22 kwa 19. Je, 97 ilikuwa uongo? Hapana. Zile asilimia tatu zilizobaki zilikuwa na watu ndani yake, na siku hiyo walikuwa Cloud9. Kinachoniuma ni kuona mtu anaisoma 97 kama ahadi, akaweka fedha ya wiki nzima, kisha akasema mechi iliuzwa.

Nimesema "hesabu ya kipofu" kwa sababu raundi hazisimami peke yake, na hapa ujuzi wako unanifurahisha kweli, kwa kuwa wewe unaiona fedha. Timu iliyopoteza raundi hupewa fidia inayoanzia dola 1400 za mchezo kwa kila mchezaji na kupanda hadi 3400 kadiri inavyoendelea kupoteza. AK-47 ni 2700, na fulana kamili pamoja na kofia ni 1000. Mwenye akili atakwambia kabla ya raundi kuanza kwamba wale watano watanunua bastola tu na kuweka akiba, na kwamba raundi ya baadaye ndiyo yenye vita. Matokeo ya raundi moja yanavuta ya pili na ya tatu. Anayeangalia ubao wa matokeo peke yake haoni hilo.

Lakini data ya zamani inaweza kukupotosha hata hapo. Counter-Strike 2 ilipotoka Septemba 2023, ramani ilifupishwa: sasa anayefika 13 ndiye mshindi, na kila nusu ina raundi 12 badala ya 15. Raundi ya bastola, ile ya kwanza ambayo hakuna aliye na fedha ya bunduki, ni moja kila nusu kama zamani, ila sasa ni moja katika 12, na ule mteremko wa fedha unaoifuata unakula sehemu kubwa zaidi ya nusu nzima. Mtu aliyejaza kompyuta yake miaka mitano ya takwimu za muundo wa zamani alikuwa na data nyingi kuhusu mchezo uliokuwa umebadilika. Ongeza wachezaji wanaohama timu, masasisho yanayobadilisha silaha, ramani inayoondolewa mashindanoni na kurudishwa, utaona kwamba mechi zinazofaa kulinganishwa na ya leo ni chache sana.

Je, wapo wanaofaulu? Wapo wachache. Hujenga hesabu zao wenyewe, hulinganisha bei za kampuni nyingi, huweka madau machache mno, na wakifanikiwa hupunguziwa kiwango kama nilivyosema. Wengine hushuka kwenye ligi ndogo ambako odi hupangwa kwa uzembe. Huko kuna hatari nyingine. Agosti 2014 timu ya Marekani iliyoitwa iBUYPOWER ilipoteza kwa makusudi mechi dhidi ya NetCodeGuides, madau yakiwa ni skini za silaha (mapambo ya silaha ndani ya gemu), na Januari 2015 Valve, kampuni yenye gemu hii, wakawafungia wahusika mashindano yao. Tume ya uadilifu ya michezo hii, ESIC, ilianzishwa 2016 kwa sababu ya mambo ya namna hiyo. Data haiwezi kukuonyesha mchezaji aliyeamua jana usiku kupoteza. Na kama siku moja mchezaji atakunong'oneza kwenye kundi lako jambo la ndani ya timu, usilibetie wala usilisambaze. Hapo umeshavuka kutoka ushabiki na kuingia upangaji wa matokeo. Peleka taarifa kwa waandaaji au ESIC.

Kuhusu madau ya vipande vidogo, nani atashinda raundi ijayo, nani ataua wa kwanza, nitasema kwa ufupi: yaache. Mechi ya ramani tatu ina hadi raundi 72 kabla ya muda wa nyongeza. Ukiweka 100 kila raundi kwa bei ya 1.85 niliyoionyesha, kwa wastani umemwachia mwenye soko 540 kwa jioni moja. Kasi hiyo pia haikupi nafasi ya kupumua kati ya hasara moja na uamuzi unaofuata.

Na hili linanileta kwenye sentensi uliyoiweka mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Umekopa mara mbili kuziba pengo, na nyumbani hawajui. Ndugu yangu, hilo ndilo swali lako kubwa, hata kuliko odi. Kukopa ili kurudisha kilichopotea, na kuwaficha wa karibu, ni dalili mbili ambazo washauri wa afya ya akili huziuliza mapema kabisa. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kama ugonjwa katika orodha yake ya ICD-11 iliyoanza kutumika 2022. Sikwambii unao, hilo haliwezi kupimwa kwa barua, na mimi si daktari. Nakwambia uende ukaonane ana kwa ana na daktari au mshauri nasaha, umweleze mikopo miwili na siri, kabla ya mkopo wa tatu. Kabla hujaenda, tumia sehemu ya akaunti yako inayokuruhusu kujifungia kwa miezi kadhaa, na uifunge. Kisha mweleze mtu mmoja wa nyumbani kiasi halisi. Wengi huogopa mazungumzo hayo kuliko deni lenyewe, na deni hukua wakati wanaogopa. Ukijikuta unawaza kujidhuru au unaona hakuna njia, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukiwa na mtu.

Kamisheni nayo, iulize inatoka wapi. Kampuni nyingine hulipa kiasi kimoja kwa kila mtu unayemleta. Nyingine hukugawia sehemu ya fedha anazopoteza. Ukisaini ya aina ya pili, siku mashabiki wako wanapoumia ndiyo siku unayolipwa vizuri, na hao ni watu wanaokuamini kwa jicho lako. Halafu katika mia sita wanaofuatilia gemu, wapo ambao hawajafika umri wa kubeti, na huwezi kuwajua kwa picha ya wasifu. Mimi nisingesaini. Ukiona bado unavutiwa nayo, mkataba huo usomwe kwanza na mwanasheria anayejua sheria za kubashiri za mahali ulipo, kwa sababu kutangaza kamari bila kibali kunaweza kukuweka wewe mashakani, si kampuni. Angalia pia masharti ya huduma yako ya data: nyingi zinakuruhusu kutazama mwenyewe na kukukataza kurusha namba za moja kwa moja kwa wengine.

Kundi lenyewe, hata hivyo, usilifunge. Hapo ndipo data yako ina thamani ambayo hakuna sekunde za kuchelewa zinazoweza kuiondoa. Shabiki aliyejiunga juzi anaona watu wanakimbia na kupigana risasi. Wewe unaweza kumwonyesha kwa nini timu nzima imekaa kimya na bastola mkononi, kwa nini mtu mwenye afya 12 anakimbia kuokoa bunduki badala ya kutegua bomu, kwa nini kocha ameomba mapumziko hasa wakati huo. Ramani ikiisha, chukua raundi tatu zilizoigeuza na ueleze fedha ilivyokuwa kabla ya kila moja. Kwa hilo huhitaji data ya haraka; ya baada ya mechi inatosha.

Wakitaka kutabiri, watabiri bila fedha, na uwahesabie kwa njia aliyoipendekeza Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, mwaka 1950. Kila mmoja aandike nafasi badala ya jina la timu. Aliyesema 0.8 na timu ikashinda, amekosea kwa 0.2, zidisha kwa yenyewe, anapata 0.04. Timu ikipoteza, amekosea kwa 0.8, anapata 0.64. Mwenye wastani mdogo mwisho wa mashindano ndiye mtabiri wenu. Wanaojigamba kwa 0.99 kila mechi wataona namba yao inapanda, na yule mkimya aliyesema 0.6 pale palipostahili 0.6 atajulikana. Wewe nawe weka zako humo, kila mechi, bila kufuta. Anza na ramani ya kwanza ya mashindano yajayo: namba zote ziwe zimeandikwa kabla ya raundi ya bastola, kisha funga kuandika.